Sehemu ya 3: Dawa ya kanula, kitovu, na watoto wa Pemba

Mama, ukilazwa, nesi kabla hajachoma sindano ya dripu anasugua kwanza ngozi kwa pamba yenye dawa, kisha anasubiri ikauke. Wengine mnaona anawachelewesha tu. Jamani, hapana. Sindano ikipita kwenye ngozi chafu inabeba vijidudu hadi ndani ya damu.

Dawa mojawapo inaitwa klorheksidini, ilitoka Uingereza miaka ya 1950. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya kulinganisha dawa tatu kwenye mirija 668 ya mishipa ya damu. Kwa iodini na spiriti, damu iliingia vijidudu kwa zaidi ya mirija 2 katika kila 100. Kwa klorheksidini, haikufika hata 1.

Sasa fikiria kitovu cha kichanga. Kikishakatwa ni kidonda kibichi chenye mishipa ya damu, mlango kama ule wa kanula. Kule Nepal, ambako wengi walijifungulia nyumbani, vitovu vikapakwa klorheksidini. Majibu ya mwaka 2006: vifo vya vichanga vilipungua kwa asilimia 24! Kila mtu akaitaka dawa hiyo.

Ndipo ikaja zamu ya Pemba. Kuanzia Septemba 2011 waliandikishwa watoto 36,911. Hebu piga picha, kisiwa kile kidogo! Kundi moja walipakwa dawa, lingine kitovu kiliachwa kikavu. Waliopakwa walifariki 10.5 kwa kila 1,000, wasiopakwa 11.7. Tofauti ndogo hivyo huenda ni bahati tu. Mimi nawaheshimu sana mama wale wa Pemba, maana jibu la "haijasaidia sana" nalo lilihitaji mtu wa kulitafuta.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabana ushauri wake: dawa ni kwa sehemu ambazo watu wamezoea kupaka kitovu vitu vya hatari. Kwingine, kisafi na kikavu kinatosha. Na huku kwetu uswahilini mnavijua: majivu, mate, mafuta, hata kinyesi cha ng'ombe, ambacho kinaweza kuleta pepopunda. Bibi anapaka kwa mapenzi, sikatai.

Ukipewa klorheksidini kliniki, ni ya kitovu tu. Kuna watoto katika nchi kadhaa za Afrika waliowekewa machoni, ikidhaniwa ni dawa ya macho, na wengine wakapofuka. Kichupa hicho usikiweke karibu na dawa ya macho.