Saa, Upepo na Ndiga

Kutoka steji ya Nyamasaria, Kisumu, hadi Ahero, barabara ya Nairobi haina kilima cha kumsumbua mtu. Uwanda wa Kano umelala kama mkeka, na milima ya Nandi husimama kwa mbali upande wa kushoto. Adui pekee ni upepo. Alfajiri hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Baada ya adhuhuri hugeuka, ukavuma kutoka ziwani kuelekea bara. Kwa hiyo aliyetoka Nyamasaria mapema kwenda Ahero aliula upepo usoni, na akichelewa kurudi hadi alasiri aliukuta unamngoja palepale. Wanaume waliobeba abiria na magunia kwa baiskeli kwenye lami hii walilijua jambo hilo kwa magoti yao. Wahandisi wa Ulaya hulipima kwa kuwaweka waendeshaji kwenye vyumba vyenye feni kubwa.

Nilizikumbuka safari hizo tarehe 21 Septemba 2025, siku Kigali ilipofungua mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mbio za wanaume za kupima muda zilikuwa za kilomita 40.6. Mtu wa Kisumu anaweza kuukadiria umbali huo bila ramani: ni zaidi kidogo ya Nyamasaria hadi Ahero na kurudi. Tofauti ni kwamba Kigali ni vilima vitupu, na mwishoni kabisa kuna mpando wa Kimihurura uliotandikwa mawe. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alimaliza kwa dakika 49 na sekunde 46, kasi inayokaribia kilomita 49 kwa saa, akatwaa taji hilo kwa mwaka wa tatu mfululizo. Kilichowaacha watu midomo wazi ni yaliyompata Tadej Pogačar, bingwa wa Tour de France wa mwaka huo. Alikuwa ametangulizwa kwa dakika mbili na nusu, na bado Mbelgiji alimfikia na kumpita.

Katika mbio hizi hakuna kundi la kujificha nyuma yake. Waendeshaji huachiliwa mmoja mmoja, kila mmoja akipishana na mwenzake kwa dakika moja au zaidi, na ni marufuku kujikinga upepo kwa mgongo wa uliyemkuta njiani. Mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Utaratibu huu ulizaliwa kwa hila. Uingereza ya miaka ya 1890 ilikuwa na chama cha baiskeli kilichoogopa polisi na malalamiko ya wenye farasi, kikapiga marufuku mashindano ya barabarani. Mwaka 1895 F. T. Bidlake na wenzake wakapata ujanja: ukiwaachilia watu mmoja mmoja, nani atasema wanashindana? Walianza alfajiri, wamevaa nguo nyeusi kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, na njia walizipa majina ya siri, ya herufi na tarakimu. Mchezo unaorushwa leo kwenye televisheni za dunia nzima ulianza kama magendo.

Afrika iliingia mapema, ingawa kwa mlango wa upande wa Wazungu wake. Kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, mbio za barabarani ziliendeshwa kwa kupima muda kuzunguka ziwa Mälaren, kilomita zaidi ya 300, na mshindi alikuwa Rudolph Lewis wa Afrika Kusini. Alianza usiku wa manane, saa nane na dakika mbili, akakaa juu ya baiskeli kwa muda wa saa kumi na dakika 42. Tour de France ilizikubali mbio hizi mwaka 1934. Mwaka 1989, siku ya mwisho, Greg LeMond alizitumia kumpokonya Laurent Fignon ushindi kwa sekunde nane, baada ya wiki tatu za kuzunguka Ufaransa. Mashindano ya dunia yaliziweka rasmi kwenye ratiba ya wanaume mwaka 1994.

Huku kwetu saa ililetwa na reli. Njia ya chuma kutoka Mombasa ilifika ufukweni Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence na sasa ni Kisumu, na kuanzia hapo watu wakawa na kitu cha kuchelewea. Baiskeli ilifuata, na Waluo wakaiita ndiga. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita ndiga ilikuwa hadhi: ya mwalimu, ya karani, ya mhubiri. Polepole ikashuka kwa mkulima na mchuuzi, ikawa ile baiskeli nzito nyeusi ambayo Wakenya waliibatiza Black Mamba.

Kazi yake kubwa ilianzia Busia miaka ya 1960. Kati ya kituo cha mpakani cha Kenya na cha Uganda kuna mwendo ambao msafiri mwenye mizigo hakupenda kuutembea, na vijana wenye baiskeli wakawa wanaita: boda, boda, yaani mpaka hadi mpaka. Enzi za Idi Amin magendo ya kahawa yaliinenepesha biashara hiyo. Baadaye ikasambaa ufukweni, na kufikia miaka ya 1990 Kisumu ilikuwa mji wa kengele za baiskeli. Fundi aliongeza vyuma vya kuimarisha karia na forki, akashona kiti cha sponji chenye kitambaa cha rangi, na nyuma akafunga vyuma viwili vya abiria kukanyagia. Baiskeli ikawa nzito kama mlango. Juu yake akae mama mwenye kikapu cha samaki anayetaka kufika sokoni kabla barafu haijayeyuka, halafu mwambie mwendeshaji huyo kwamba kushindana na saa ni mchezo.

Miguu ilikuwepo, basi. Na kuna mwaka mmoja ambao siachi kuurudia, 2008. Mwaka huo mpiga picha kutoka Singapore, Nicholas Leong, aliwapeleka Ufaransa Wakenya wawili, mmoja wao Zakayo Nderi aliyekuwa mpiga rangi viatu, wakaupande mlima wa Alpe d'Huez huku saa inahesabu. Nderi alifika kileleni kwa dakika 42 na ushei. Huo si muda wa bingwa, lakini ni muda wa kumfanya kocha aulize jina. Mwaka huohuo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, aliiacha leseni ya Kenya akachukua ya Uingereza. Na mwaka huohuo serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo. Ndiga za Nyamasaria zikaanza kupungua siku hadi siku, mpaka jina la boda boda likahamia kwenye pikipiki.

Froome alikuwa mtu wa saa hasa. Mwaka 2006 alivaa jezi ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne akawa wa 17 katika mbio za kupima muda. Mwaka huohuo alijiandikisha mwenyewe kwa mashindano ya dunia ya vijana mjini Salzburg, akitumia barua pepe ya afisa wa shirikisho la baiskeli la Kenya, kama alivyokuja kusimulia baadaye. Alifika peke yake, akaanza, na mita chache mbele akamgonga msimamizi wa mbio. Wote wawili wakaanguka. Alimaliza wa 36. Miaka saba baadaye alishinda Tour de France, ya kwanza kati ya nne. Kwetu mpanda baiskeli hukimbia peke yake hata kabla ya mbio kuanza: Froome na barua pepe yake, Nderi na mfadhili wa kutoka Singapore, na Suleiman Kangangi, wa tatu katika Tour du Rwanda 2017, aliyefariki akishindana Vermont, Marekani, Agosti 2022.

Rwanda walikwenda njia nyingine. Mbio zao za kuzunguka nchi zilianza mwaka 1988, zikaingia kwenye kalenda ya shirikisho la kimataifa mwaka 2009, na kila mwaka watoto wanapanga foleni kando ya barabara kuziona. Kigali 2025 ilitoka huko, si kwenye kipaji cha mtu mmoja.

Nyamasaria bado kuna baiskeli chache. Utaziona kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, karia zimejaa kreti za mikate au mitungi ya maziwa, pikipiki zikizipita kushoto na kulia. Mwendeshaji huinama, viwiko ndani, kidevu karibu na usukani. Hajafundishwa na kocha kukaa hivyo. Upepo unatoka Nandi, na Ahero ni mbele.