Tanuru la Wahaya na Faili la Mwanafunzi

Mwaka 1976 wazee kadhaa wa Buhaya, mkoani Kagera, walikubali kurudia kazi waliyoiacha tangu ujana wao: kujenga tanuru na kuyeyusha chuma kama walivyofundishwa na waliowatangulia. Waliowaomba ni Peter Schmidt, mwanaakiolojia wa Marekani, na Donald Avery, mtaalamu wa metali. Majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya yalikuwa yamezima matanuru ya Bukoba miongo mingi nyuma, na hapakuwa na mchoro wala kipimo kilichoandikwa. Majaribio ya mwanzo hayakufaulu. Wazee wakakaa, wakabishana, wakabadili hiki na kurudia kile, hadi chuma kikatoka. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyopewa. Tumezoea kuuliza kama mababu walihifadhi ujuzi wao. Swali lenye faida ni kama ujuzi huo uliweza kutolewa tena, kwa sababu akiba hupimwa siku ya kuitoa, si siku ya kuiweka.

Na waliyoyatoa hayakuwa mepesi. Chini ya tanuru walichimba shimo, wakachoma ndani yake nyasi za kinamasi hadi zikawa mkaa, ili madini ya chuma yatakapoyeyuka yakutane nazo. Ukuta waliujenga kwa udongo wa kichuguu pamoja na mavi ya chuma ya zamani. Mabomba ya udongo yaliyopokea upepo wa mivukuto waliyaingiza hadi ndani ya tanuru, na Schmidt na Avery walieleza kwamba kwa njia hiyo hewa ilipata joto kabla ya kufika motoni. Habari hizo walizichapisha katika jarida la Science mwaka 1978, pamoja na ushahidi wa mabaki ya matanuru ya Kemondo, huko huko Buhaya, yenye umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Mwaka 1986 J. E. Rehder aliyapinga maelezo ya hewa kupata joto. Pingamizi lake linastahili heshima, lakini linahusu sababu ya tanuru kufanya kazi. Kwamba lilijengwa kutoka kwenye kumbukumbu na likatoa chuma, hilo halibadiliki.

Siri ya mafanikio hayo, kwa maoni yangu, ni kwamba ujuzi haukukaa mahali pamoja. Sehemu ilikuwa mikononi mwa wazee, sehemu katika kujua kichuguu kipi kinafaa, na sehemu ililala mahali penyewe: katika kijiji cha Katuruka ulisimama mti ulioitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma, na Schmidt alipochimba chini yake alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Jina lilikuwa limetunza anwani muda wote huo.

Mwanafunzi wa Ijumbi, Kagera, anayechora nyumba kwenye kompyuta na kuuweka mchoro wake kwenye seva ya shule yumo katika historia hiyo hiyo ya kuhifadhi na kutoa tena. Programu nyingi za usanifu haziandiki juu ya faili la zamani. Huandika kwanza faili la muda, kisha hufuta la zamani na kulipa jipya jina lake. Seva ikimruhusu mwanafunzi kuandika bila kumruhusu kufuta, kazi hukwama katikati, naye hulaumu mtandao. Ndiyo maana ni busara kuhifadhi kwanza kwenye kompyuta yenyewe, kunakili kwenye seva, kisha kuifungua nakala ile kabla ya kuondoka. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo waliyoifanya wazee wa 1976.

Atatokea wa kusema kwamba maandishi yangemaliza tatizo, kwamba Wahaya walipoteza kwa kutegemea vichwa vya watu. Nusu hiyo ya ukweli haiwezi kupuuzwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilikata mnyororo kati ya wazee na wajukuu katika nyumba nyingi. Mti wa Kaiija nao haupo tena. Lakini maandishi ya Schmidt yalikuwepo wakati wote huo, kwa Kiingereza, katika maktaba za mbali, na hayakumsaidia kijana wa Katuruka aliyetaka kujua kaburi la mfalme wa kale Rugomora Mahe lina habari gani. Ruhusa ya kusoma nayo ni sehemu ya kuhifadhi. Mwaka 2008 wanakijiji wenyewe walianza kukusanya simulizi kwa wazee waliobaki na kurudisha uhai kwenye maeneo yao ya kale, wakagundua kwamba mengi waliyoyatafuta walikuwa nayo akina mama, ambao watafiti wa awali hawakuwauliza vya kutosha.