Ponsezi gani inafaa kwa kazi ya mbao nyumbani?

Goma, mafundi wengi wanalainisha meza ao kitanda kwa mkono, na papie vere. Ponsezi, mashine ya kulainisha mbao, inapunguza kazi hiyo, lakini haziko sawa.

Ya mkanda inakula mbao haraka. Inafaa ubao wenye kukwaruza, uliotoka kwenye msumeno. Ikisimama pahali pamoja inachimba shimo, na kwenye triplex inatoboa ngozi ya juu. Ya mraba ndogo inaingia kwenye kona, lakini iko polepole. Ya duara, inayozunguka huku ikitikisika, ndiyo ya kuanza nayo: inaacha mikwaruzo kidogo. Tumia papie namba 80, kisha 120, malizia na 180.

Mbele ya kulipa, soma kibao chake: volti 220. Ya 110 itaungua. Wati zake zisipite nguvu ya jenereta yako.

Angalia pia kifuko cha vumbi. Tangu 1995, IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, linahesabu vumbi la mbao kati ya vitu vinavyoleta kansa, zaidi ya pua. Kifuko hakikamati yote: vaa barakoa ya FFP2, fanyia kazi inje, na watoto wakae mbali.