Habari za Chombo Kiitwacho Netscape

Asimamaye ukingoni mwa Bandari ya Kale, hapa Mji wa Kale, huona maji matulivu na vyombo vichache. Zamani bandari hii ilipokea majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yaliyokuja na kaskazi. Meli za mvuke zilipotaka kina kirefu zaidi, na reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, biashara ilihamia Kilindini. Bandari ya Kale haikutenda kosa; njia ndiyo iliyogeuka. Jambo kama hilo lilikipata chombo kingine kisicho tanga wala mkuku, nacho ni kivinjari cha Netscape.

Kivinjari ni programu imwezeshayo mtu kufungua na kusoma kurasa za mtandao. Mtandao wa kurasa hizo ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee, huko CERN, Uswisi, mwaka 1989. Mwaka 1993 Marc Andreessen na Eric Bina, wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitoa kivinjari cha Mosaic, kilichoonyesha picha na maandishi katika ukurasa mmoja. Mwaka uliofuata Andreessen na Jim Clark walianzisha kampuni, na mwezi wa Desemba, 1994, wakatoa Netscape Navigator, yaani rubani. Tarehe 9 Agosti, 1995, hisa zake ziliuzwa hadharani kwa dola 28 kila moja. Soko lilipofungwa bei ilikuwa dola 58.25. Kampuni yenyewe haikuwa imetimiza miaka 2.

Mwezi uo huo Microsoft ilitoa Internet Explorer. Microsoft ndiyo iliyomiliki Windows, mfumo ulioendesha sehemu kubwa ya kompyuta za dunia. Ikatoa kivinjari chake bure, kisha ikakifungamanisha na Windows, hata mnunuzi wa kompyuta akakikuta kinamngoja. Mwenye gati na reli akawa na meli yake pia! Netscape, iliyopata riziki kwa kuuza programu, ilidhoofika. Na matoleo yake ya baadaye yakawa mazito. Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft mwaka 1998, na mwaka 2001 mahakama ya rufani ikathibitisha kwamba ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Lakini dawa ilifika mgonjwa yu hoi: Netscape ilikwisha nunuliwa na AOL mwaka 1999, nayo mwaka 2008 iliacha kuitunza.

Je, yote yalipotea? Hasha. Mwezi wa Machi, 1998, Netscape ilitoa hadharani maagizo yaliyoiunda programu yake, ili kila mtu ayasome na kuyarekebisha. Katika kazi hiyo ilizaliwa Firefox, mwaka 2004. JavaScript, lugha ya kompyuta iliyobuniwa Netscape na Brendan Eich mwaka 1995, ingali inatumika katika kurasa zisizo na idadi. Mshindi naye hakudumu. Internet Explorer iliachwa mwaka 2022. Mpanda ngazi hushuka.

Mwaka 2009 nyaya za mtandao zipitazo chini ya bahari zilifika Mombasa, na leo kijana wa hapa hufungua kurasa za dunia kiganjani. Na asisahau kuuliza: mlango huu ni wa nani, naye atamfungulia nani? Ubora wa chombo ni jambo moja. Haki ya bandari ni jambo jingine.