Silisila Legevu: Istilahi kwa Filamu za Madubwana wa Japani

Wenye kushughulika na filamu hulitumia neno kontinuiti kwa maana mbili ambazo Kiswahili kingefanya vyema kuzitenga. Ya kwanza ni kazi ya yule anayekaa karibu na kamera, daftari mkononi, akichunga kwamba sigara iliyokuwa nusu katika picha moja isiwe nzima katika picha inayofuata. Hiyo na tuiite ulinganifu, mjadala wake uishie hapo. Ya pili ni kumbukumbu inayopokezanwa baina ya filamu na filamu, hata aliyekufa katika ya kwanza akabaki maiti katika ya pili, na mji ulioteketea ukahitaji kujengwa upya. Maana hii ndiyo inayotaka istilahi, kwa kuwa mwendelezo, neno linalotumika aghalabu, limekwisha kushikwa na kazi ya kuitaja filamu inayofuata nyingine, nalo neno mfululizo hueleza tu kwamba vitu vimefuatana, pasi na kimoja kukidai kingine chochote.

Mimi napendelea silisila, neno la kale la pwani lenye maana ya mnyororo na, kwa njia hiyo, ya nasaba. Maana katika mnyororo kila pete imeshikwa na iliyo kabla yake, ila pete hizo zaweza kukazana, au zaweza kulegea zikapata nafasi ya kucheza. Hali hiyo ya pili naiita silisila legevu, wala sijui mahali inapodhihiri kuliko katika filamu za madubwana zilizotengenezwa na kampuni ya Toho ya Japani baina ya mwaka 1954 na 1975.

Katika filamu ya kwanza ya Godzilla, aliyoiongoza Ishirō Honda mwaka 1954, miezi michache tu baada ya wavuvi wa chombo kiitwacho Daigo Fukuryū Maru kunyeshewa majivu ya bomu la haidrojeni lililojaribiwa na Wamarekani huko Bikini, dubwana yule huuawa chini ya bahari kwa silaha ya Daktari Serizawa, akayeyuka nyama na mifupa, naye Serizawa akafa pamoja naye ili siri ya silaha ile isipate mrithi. Kifo gani kilichotimia kuliko hicho? Lakini mzee Yamane, mwanazuoni wa viumbe vya kale, anena mwishoni kwamba huenda yule hakuwa wa pekee, na kwa maneno hayo machache pete ya pili ikapata mahali pa kuning'inia: mwaka 1955 akatokea Godzilla mwingine, akapigana na dubwana Anguirus mjini Osaka, akazikwa chini ya barafu, na mwaka 1962 akachomoka katika barafu hiyo kwenda kupambana na King Kong.

Kisha pete zikaanza kulegea. Kuangamia kwa dubwana Rodan na mwenziwe kwa moto wa mlima Aso mwaka 1956 hakukumzuia Rodan kutoka katika mlima huohuo mwaka 1964, wala hapana mtu katika filamu aliyeona haja ya kuuliza alifufukaje. Filamu ya 1968 iliwakusanya madubwana wote kisiwani, mwishoni mwa karne ya 20, ilhali zilizofuata zikarudi katika zama zake zenyewe, hata ikawa iliyotangulia kutengenezwa ndiyo ya mwisho kwa tarehe. Naye mwigizaji Akihiko Hirata, aliyekufa akiwa Serizawa, mwaka 1975 ni mwanasayansi mwingine, mwenye chuki na dunia nzima.

Watazamaji wa siku hizo hawakuwa na kanda za video majumbani za kuwawezesha kufanya hesabu, na wengi wao walikuwa watoto. Lakini sidhani kwamba hiyo ndiyo sababu yote ya wao kuridhika na ulegevu huo. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za Abunuwasi twajua kwamba mtu aliyehukumiwa na Sultani usiku wa jana aweza usiku wa leo kualikwa karamuni kwake, na msikilizaji hadai hati ya msamaha, maadamu Abunuwasi ni yuleyule.

Silisila yaweza pia kukatwa. Filamu ya 1984 ilizisahau zote isipokuwa ile ya kwanza, na mashabiki, wanaozigawa filamu hizi kwa zama za wafalme wa Japani, huiweka katika zama za Heisei, ingawa Mfalme Hirohito alikuwa angali hai na Heisei haikuanza hadi Januari 1989. Hivyo hata wanaoziorodhesha wamelegea. Toka mwaka 1999 hadi 2004 karibu kila filamu ilikata mnyororo na kujifunga upya kwenye pete ya 1954, na ile ya 2002 ikathubutu kuiokota baharini mifupa ambayo sote tuliiona ikiyeyuka. Iliyoifuata, ya 2003, ilimkataa dubwana Mothra wa 1964 lakini ikamkubali wa 1961, na ili kuthibitisha ukoo huo ikamleta Hiroshi Koizumi, mzee sasa, katika nafasi ileile ya Daktari Chūjō aliyoiigiza miaka 42 nyuma, akiwapokea tena wale wasichana wadogo wa kisiwa cha Mothra kama wageni aliokuwa akiwatazamia.