Nilitoka Kwa Grupu Saa Tisa Usiku, Nikakutana na Spinoza

Leo sina video, nina hadithi ndefu kidogo. Kama uko kwa matatu na jam imeshika, hii ni yako.

Kwa miaka miwili nilikuwa ndani ya grupu moja ya mtandaoni. Jina silitaji. Tulikuwa vijana zaidi ya 2,000, na mwanzoni ilikuwa poa kabisa: watu wakipeana mazoezi ya kufanya nyumbani, jinsi ya kuweka akiba, jinsi ya kuacha kushinda umelala. Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, kozi niliyoitaka nimeikosa, niko tu kwa nyumba ya mamangu nikitazama dari. Grupu ikanipa sababu ya kuamka. Baada ya miezi sita wakanifanya admini. Manze, nilijiona.

Halafu mambo yakabadilika polepole, hata sikushtuka. Kila siku ikawa lazima apatikane mtu wa kuchekwa, na mara nyingi alikuwa msichana. Usiku mmoja mtu akatupa picha ya dem ninayemjua. Jirani. Tukiwa darasa la sita alikuwa akinisaidia hesabu. Nikaandika, "Huyu namjua, toeni hiyo picha." Nusu saa haikuisha kabla sijavuliwa uadmini. Wakaniita msaliti na mengine siwezi kuandika hapa. Saa tisa usiku nikabonyeza kitufe cha kuondoka. Mpaka leo sijui kama nilitoka ama nilitolewa.

Na kuna ukweli unaoniuma zaidi. Kabla ya picha yake kulikuwa na picha za wengine, na mimi ndiye nilikuwa naziruhusu. Hao sikuwajua, kwa hivyo sikuona shida.

Wiki ya kwanza nilikuwa nashika simu kila dakika mbili bila sababu. Hakuna aliyenitafuta. Watu 2,000, hata mmoja! Ndiyo nikaanza kwenda maktaba ya McMillan pale Banda Street, si kwa sababu napenda vitabu, ni vile nyumbani kulikuwa kimya sana. Huko ndiko nilikutana na jamaa anaitwa Spinoza.

Baruch Spinoza alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1632. Watu wake walikuwa Wayahudi waliotoka Ureno. Huko Ureno Wayahudi walikuwa wamelazimishwa kubatizwa, na aliyeshukiwa kushika dini yake kwa siri alisakwa na mahakama ya kanisa. Wengine walichomwa moto. Kwa hivyo walipofika Amsterdam na kuruhusiwa kuabudu, jumuiya yao ilikuwa kila kitu: biashara, shule, ndoa, msaada ukiugua, mahali pa kuzikwa. Na walijua wao ni wageni. Mmoja wao akisema maneno ya kuchafua hewa mjini, wote wangeweza kuumia. Nasema hivi ili usidhani walikuwa watu wabaya tu. Walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa na sababu.

Sasa huyu kijana akaanza kuuliza maswali. Babake, mfanyabiashara, alikufa mwaka 1654, na yeye na ndugu yake Gabriel wakabaki na biashara ya familia. Tarehe 27 Julai 1656, akiwa na miaka 23, wakuu wa jumuiya wakamtenga. Kwa Kiebrania adhabu hiyo inaitwa herem, neno la ukoo mmoja na haramu yetu tuliyoitoa kwa Kiarabu. Amri ilisema hivi: mtu yeyote asiongee naye kwa mdomo wala kwa barua, asimfanyie hisani, asikae naye chini ya paa moja, asimkaribie ndani ya dhiraa nne, wala asisome chochote alichoandika.

Soma tena hiyo orodha. Hiyo ni bloku kamili, zaidi ya miaka 300 kabla ya simu yako. Na kosa lenyewe halikuelezwa. Amri inataja maoni maovu na matendo mabaya, basi. Wasomi bado wanabishana alikuwa amesema nini hasa.

Kilichonishika ni alichofanya baadaye. Hakurudi kuomba. Biashara ya familia ikabaki nyuma, akajifunza ufundi: kusaga vioo kuwa lenzi za hadubini na darubini. Kazi ya mikono, vumbi la kioo, siku nzima. Alikuwa mkali kwa hiyo kazi mpaka mwanasayansi mkubwa wa wakati huo, Christiaan Huygens, akasifu lenzi zake. Jioni alikuwa akiandika. Mwaka 1670 alitoa kitabu cha kutetea uhuru wa mtu kufikiri na kusema, bila kuweka jina lake. Mwaka 1673 Chuo Kikuu cha Heidelberg kilimwita awe profesa, mshahara na heshima, mradi tu asivuruge dini iliyokubaliwa. Akakataa. Fikiria: mtu amefukuzwa na kundi moja, kundi lingine kubwa linamfungulia mlango, na yeye anauliza kwanza, nikiingia nitaweza kusema ninachofikiri?

Kitabu chake kikubwa, kile cha Maadili, kilitoka mwaka 1677, mwaka ule ule aliokufa akiwa na miaka 44. Marafiki ndio walikichapisha. Si rahisi kukisoma, sitakudanganya. Kimepangwa kama jiometri, hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilirudia kurasa kadhaa mara nne. Lakini kuna mambo mawili nilitoka nayo.

La kwanza, anasema tunajidhania tuko huru kwa sababu tunajua tunachotaka, lakini hatujui kilichotufanya tukitake. Hasira usiyoielewa inakuendesha. Ukianza kuielewa imetoka wapi, inapoteza nguvu. La pili, chuki ikijibiwa kwa chuki inakua, na kinachoweza kuiua ni upendo.

Nikaanza kufikiria ile grupu. Sisi wote 2,000 tulikuwa na hasira kweli. Mimi yangu ilitoka kwa karatasi ya matokeo ya mtihani na mfuko mtupu. Lakini kila usiku kuna mtu alikuwa anatuambia imetoka kwa wasichana, na hatukuwahi kuuliza. Tungeuliza, hiyo grupu ingekufa kwa wiki moja.

Kuna kitu kingine kidogo kuhusu Spinoza. Mwishoni alikuwa akikodi vyumba mjini The Hague kwa mchoraji, Hendrik van der Spyck. Mmoja wa watu wa kwanza kuandika maisha yake anasema Spinoza alikuwa amejifunza mwenyewe kuchora sura za watu kwa wino na makaa, na alikuwa na daftari limejaa sura za watu aliowajua. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya mvuvi ana wavu begani, amechorwa kama Masaniello, yule mvuvi aliyeongoza maasi ya Naples mwaka 1647. Watu walisema sura ile ni ya Spinoza mwenyewe. Hakuwa anauza, wala hakuwa anatafuta wa kumsifu. Alikuwa anaangalia nyuso za watu kwa makini. Mimi miaka miwili nilikuwa naangalia nyuso za watu ili nizicheke.

Sasa utaniambia, huyo alifukuzwa, hakuwa na chaguo. Sawa, chukua Al-Ghazali. Alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058. Mwaka 1091 akapewa kiti kikubwa cha kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Wanafunzi kama 300, viongozi wanamheshimu, jina liko kila mahali. Kwa lugha yetu, alikuwa na wafuasi wote. Mwaka 1095 akajiuliza kwa nini anafundisha, na jibu alilopata halikumfurahisha: anatafuta sifa. Yeye mwenyewe anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba alisitasita kama miezi sita, leo anaamua kuondoka, kesho anabadilisha nia, mpaka siku moja ulimi ukakataa kabisa. Anasimama mbele ya wanafunzi, neno halitoki. Chakula hakishuki. Madaktari wakasema shida iko moyoni.

Basi akaaga akisema anaenda Makka, akagawa mali yake akabakisha ya kulisha familia, na njia yake ikaelekea Damascus. Huko alikuwa akijifungia ndani ya mnara wa msikiti siku nzima. Vitabu vilivyotokana na miaka hiyo bado vinasomwa, hata pwani yetu. Na cha kushangaza, mwaka 1106 alirudi kufundisha, safari hii Nishapur. Kwa hivyo kuondoka kwake hakukuwa kuwachukia watu. Alienda kutafuta sababu nyingine ya kuwa nao.

Turudi nyumbani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na profesa Henry Odera Oruka, aliyekufa mwaka 1995. Wazungu wengi walikuwa wakisema Mwafrika hana falsafa, ana mila tu. Oruka katika miaka ya 1970 akaanza kuzunguka vijijini akiongea na wazee, kama Paul Mbuya Akoko wa kule kwa Waluo. Akagundua wenye hekima ni wa aina mbili. Kuna mzee anayejua kila methali na kila desturi, ukimuuliza kwa nini, anakujibu ndivyo tunavyofanya. Na kuna mzee anayejua zile zile methali na desturi, lakini anaweza kusimama kando akakuambia hapa watu wetu wanakosea. Huyo wa pili ndiye Oruka alimwita mwanafalsafa. Zingatia kwamba hakuhama kijiji. Bado anaishi na watu wake na wanamwendea wakiwa na shida.

Mimi kwa ile grupu nilikuwa mzee wa aina ya kwanza, bila hata hizo methali.

Wa mwisho ni Sane Wadu, aliyezaliwa mwaka 1954 Nyathuna, Kiambu. Alikuwa mwalimu. Unajua vile kazi ya ualimu ilivyo hapa kwetu: mshahara, heshima, wazazi wanakutolea mfano. Miaka ya 1980 akaiacha akaanza kuchora. Watu wakasema ameingiwa na wazimu. Yeye akajibadilisha jina, akajiita Sane, neno la Kiingereza la mtu mwenye akili timamu. Nilicheka sana niliposoma hiyo. Lakini aliendelea, yeye na mkewe Eunice ambaye pia ni mchoraji, na mwaka 2022 kazi zake za miaka mingi zikawekwa pamoja kwa maonyesho makubwa hapa Nairobi. Karibu miaka 40 kutoka siku aliyoitwa mwendawazimu. Kwa hivyo kama umeacha kitu wiki iliyopita na bado unajihisi mjinga, tulia kidogo.

Sisemi kila mtu atoke kwa magrupu yake. Mamangu ana chama, wamelipiana karo na wamezikana. Spinoza mwenyewe alikuwa na marafiki waliosoma kazi zake kabla hazijachapishwa na kumwandikia barua za maswali. Hakuna mahali nimesoma mtu amepata maana ya maisha akiwa peke yake kabisa. Nachosema ni ujiulize kama mahali uliko unaweza kusema "hii si sawa" na kesho bado usalimiwe. Mimi nilisema mara moja, na nusu saa ilitosha.

Siku hizi Jumamosi nachora. Makaa na karatasi za bei rahisi. Nimechora mamangu, makanga mmoja wa stejini kwetu, mzee anayeuza mahindi. Nachora vibaya bado, pua ndizo zinanisumbua. Lakini huwezi kuchora pua ya mtu kwa saa nzima halafu umdharau, hiyo nimejaribu imekataa.

Yule jirani nilimwendea nikamwambia yote, pamoja na sehemu kwamba nilikuwa admini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "sawa", akaingia kwao. Sikumlaumu. Wale wengine, wa zile picha za mbele, sijui hata majina yao. Nimekaa na hiyo, na bado niko nayo.

Kama uko kwa grupu kama ile yangu na wewe ndiye admini, picha ya leo usiku ikija, usisubiri iwe ya mtu unayemjua.