Haiwaki, au haifunguki?

"Haiwaki," nilimwambia fundi, nikiiweka laptopu mezani kwake. Akachomeka chaja, akabonyeza. Taa ndogo ya pembeni ikang'aa, feni ikavuma. Kioo kikabaki cheusi tii. "Mbona inawaka?" akauliza.

Alisema kweli. Huwaka moto, huwaka taa, huwaka gari: nishati imefika. Yangu iliwaka. Kilichokwama ni hatua inayofuata, pale programu dhibiti, ile inayokaa ndani ya chipu kwenye bodi, inapoamsha viungo kimoja kimoja kisha kuikabidhi Windows kazi. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa naisasisha programu dhibiti hiyo. Umeme ukakatika, na betri iliyochoka ikazima kabla kazi haijaisha.

Kwa hali hiyo tuseme "haifunguki". Neno tunalo tayari, na linampunguzia fundi kazi: isiyowaka ataanza na chaja na betri, isiyofunguka atatafuta tatizo lake kwingine. Fundi wangu alichomoa chaja, akabana kitufe cha kuwashia sekunde 30. Kimya. Ndipo akafungua mgongo, akabana kibanio kwenye miguu 8 ya chipu ndogo kuliko ukucha, akaiandikia programu dhibiti upya. Ikafunguka.